Shajara ya mradi: kaseti, mikanda na picha za nyumbani zisichukuliwe na maji

Nyumba ya wazazi wangu iko Kigogo, Dar es Salaam, kwenye mteremko unaoshuka Mto Msimbazi. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unamwaga maji baharini karibu na Daraja la Salenda. Mvua ikinyesha sana Pugu, maji yanatufikia hata kama kwetu jua linawaka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia ndani hadi usawa wa madirisha. Familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande baada ya hapo, sisi tukabaki kwa sababu tuko juu kidogo ya mstari waliouchora.

Naandika hatua kwa hatua jinsi tunavyokinga kumbukumbu za nyumbani: kaseti, mikanda ya video, picha, santuri na mafaili ya kompyuta. Mwenye kabati kama letu aige yaliyofaa na aepuke yaliyotutoa pesa bure. Bei zote ni shilingi za Tanzania.

21 Oktoba 2023: Kujua tulichonacho

Mwezi wa nane Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli ya mwaka huu itakuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Mvua za 1997 na 1998 bado watu wanahesabia umri wa watoto wao.

Tulitoa kila kitu sebuleni. Kaseti kama 240, mikanda ya VHS 43, albamu 11 na bahasha za negativu (filamu zilizosafishiwa picha), santuri za babu kama 30, na diski moja ya kompyuta yenye picha zote za simu za familia. Nilikuwa nimepanga kuanza na kaseti za muziki, maana ndizo nyingi na ndizo baba alizozipenda: Mlimani Park, Vijana Jazz, taarabu ya Tanga na ya Unguja, nyingi amezirekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania enzi ambazo redio ilikuwa hiyo moja. Mama ndiye aliyepindua mpango.

"Mwanangu, hizo za Maskati zitangulie. Nyimbo hata redio itanipigia."

Za Maskati ni barua za sauti. Mjomba alipohamia Oman, kupiga simu kulikuwa ghali na bibi hakujua kusoma, basi alikuwa akizungumza kwenye kaseti na kumpa mtu anayekuja Dar au Unguja. Bibi naye akijibu kwa njia hiyo hiyo. Ziko 31. Ndani yake kuna sauti ya bibi, na hakuna mahali pengine popote duniani ilipo.

Kutokana na hilo tukagawa mzigo wote mafungu matatu kwa utepe wa rangi. Mwekundu: kitu ambacho ni sisi peke yetu tunacho, yaani barua za sauti, mikanda ya harusi na maulidi, picha na negativu. Njano: baba alivyorekodi redioni, ambavyo huenda mtu mwingine anavyo na huenda hana. Bila utepe: kaseti za dukani, santuri, DVD. Maji yakija usiku, anayekimbia anachukua nyekundu tu. Kazi hii haikugharimu kitu, na naiona ndiyo iliyoubeba mradi mzima.

4 Novemba 2023: Mahali pa kuweka

Mwaka 2011 kila kitu kilikuwa juu ya kabati la nguo, karibu kabisa na dari, na bado nusu yake ililowa. Sababu ni kabati lenyewe. Lilikuwa la mbao za kubandikwa kwa gundi, zile za unga wa mbao. Miguu ilikunywa maji, ikavimba na kumomonyoka, kabati likalala kifudifudi na mzigo wote ukaingia kwenye tope. Urefu hausaidii kama kinachobeba kinayeyuka.

Fundi wa kuchomelea akatutengenezea rafu ya chuma cha pembe, ukubwa wa mita 1.2 kwa sentimita 50, ikafungwa ukutani kwa bolti za kutanuka kwenye tofali zenyewe, juu karibu na dari. Chuma na kazi 85,000, bolti 12,000.

Watu wengi walitushauri tuweke juu ya dari, chini ya bati. Nilipeleka kipimajoto huko saa nane mchana nikakuta nyuzi 47. Ukanda wa sumaku kwenye joto hilo unajikunja na kujipinda, na gundi inayoshika chembe za sumaku inachoka mapema. Dari ni pa kuhifadhia ndoo na madumu. Kaseti zisipelekwe huko.

Juu ya rafu yanakaa mapipa mawili ya plastiki ya bluu ya lita 60, yale yenye mfuniko unaobanwa kwa pete ya chuma, 35,000 kila moja. Uliza lilibeba nini kabla ya kununua. Yetu yalibeba maji ya matunda mazito. Tuliyaosha kwa sabuni na kuyaacha wazi hadi harufu ikaisha kabisa.

Tuliyajaribu kabla ya kuyaamini. Nilijaza magazeti makavu, nikaweka mawe ya kulizamisha, pipa likalala usiku ndani ya tangi la maji. La kwanza likatoka na magazeti yaliyolowa: mpira wa mfuniko ulikuwa umekauka na kupasuka mahali pasipoonekana mpaka uuvute kwa vidole. Tukabadilisha mpira, tukaupaka grisi ya silikoni, likapita. Yeyote anayenunua pipa kuukuu auvute mpira wote, duara zima.

Jambo lingine: pipa la lita 60 lenye mzigo wa kilo 25 linaelea. Maji yakifika kwenye rafu, yatalinyanyua na kuondoka nalo kupitia mlangoni. Kila pipa limefungwa kamba ya nailoni kwenye nondo ya dirisha, ndefu kiasi cha kuliruhusu lipande na maji hadi darini, fupi kiasi cha kulizuia lisitoke chumbani.

9 Desemba 2023: Barua za Maskati zinaingia kwenye kompyuta

Vifaa: deki ya kaseti ya mtumba 140,000, kadi ya sauti ya USB 60,000, spiriti ya isopropili na pamba 28,000. Programu ni Audacity, ambayo ni ya bure. Tunarekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, kipimo ambacho wahifadhi sauti wanakichukulia kuwa cha chini kinachokubalika. Kwa stirio ni kama MB 17 kwa dakika, hivyo kaseti ya dakika 90 inakula GB 1.6. Barua za sauti ni za spika moja, zinachukua nusu yake. Tukimaliza tunabana kuwa FLAC, aina ya faili ya sauti ambayo haipotezi chochote.

Kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti kila baada ya kaseti chache, kupeleka ukanda mbele na kuurudisha nyuma mara moja kabla ya kurekodi ili ulegee: hayo ni ya kawaida. Yaliyotukwamisha ni mawili.

La kwanza ni kijisponji. Ndani ya kaseti, katikati ya mdomo wake, kuna kipande cha sponji juu ya bapa jembamba la shaba kinachousukuma ukanda uguse kichwa. Gundi yake inakauka kwa miaka na sponji inadondoka. Ukicheza kaseti ya namna hiyo, sauti inakuja na kupotea, ukadhani ukanda umekufa. Barua saba zilikuwa hivyo. Dawa yake ni kununua kaseti tupu za bei rahisi zenye skrubu tano, tulizipata kwa 10,000 zote, na kuhamishia ukanda wa zamani kwenye ganda jipya. Fungua zote mbili juu ya shuka jeupe, maana zile karatasi nyembamba za kutelezeshea na vile vigurudumu vya pembeni vikiruka huvioni tena. Kama ganda la zamani limegandishwa bila skrubu, pitisha kisu chembamba kwenye mshono wake polepole, upande mmoja kwa mmoja.

La pili lilinichukua muda mrefu kulielewa. Baadhi ya barua zilitoka butu, bibi akisikika kama anazungumza na kanga mdomoni. Nilisafisha kichwa tena na tena, hakuna kilichobadilika. Kumbe kila redio kaseti ina kichwa kilichoinama kwa namna yake, na ile ya bibi ilikuwa imeinama tofauti na deki yangu. Pembeni mwa kichwa cha deki kuna skrubu ndogo ya kurekebisha mwinamo. Weka kaseti, vaa spika za masikioni, unganisha sauti iwe ya upande mmoja, kisha zungusha skrubu kidogo sana, robo ya mzunguko au chini yake, ukisikiliza herufi S na SH. Pale zinapokata vizuri, acha. Weka alama ya kalamu mahali skrubu ilipokuwa mwanzo ili uirudishe kwa kaseti nyingine. Zima pia kitufe cha Dolby, kile cha kupunguza mvumo wa ukanda, kama kaseti haikurekodiwa kwa Dolby.

Bibi alipotoka wazi, alikuwa anamwambia mjomba bei ya unga. Mama alisikiliza upande wote bila kunyanyuka.

27 Januari 2024: Flashi ya uongo, umeme na hesabu ya mafaili

Nilinunua flashi iliyoandikwa TB 1 kwa 45,000 kwenye fremu moja Kariakoo. Ilipokea mafaili yote bila kulalamika na majina yote yakaonekana. Kufungua, mafaili ya mwanzo yanacheza, yaliyofuata yana majina matupu. Nilipoipima kwa programu ya f3, ambayo inaandika chombo chote kisha inasoma upya ilichoandika, ikaonyesha uwezo wa kweli ni GB 32. Ukubwa uliobaki ulikuwa umeandikwa kwa ulaghai ndani ya kifaa. Kwenye Windows programu ya H2testw inafanya kazi hiyo hiyo. Chombo chochote kipya kipimwe kabla hakijabeba kumbukumbu, hata kama kimetoka dukani na risiti.

Tukanunua diski mbili za nje za TB 2, 230,000 kila moja, zikapimwa zote, zikapita.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Ulikatika katikati ya kunakili, na diski iliporudi ikakataa kufunguka mpaka irekebishwe. Baada ya kurekebishwa, mafaili yalionekana yote, na mawili kati yake yalikuwa yameharibika ndani. Kwa macho nisingejua. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimeyatengenezea alama za SHA-256: kompyuta inalisoma faili lote na kutoa mstari mmoja wa herufi na tarakimu, ikibadilika hata biti moja ya faili, mstari wote unabadilika. Orodha ya mistari hiyo inakaa pamoja na mafaili. Kila baada ya kunakili, na kila baada ya miezi sita, tunaikokotoa upya na kulinganisha.

UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, imetugharimu 240,000. Inalinda pia wakati umeme unaporudi na kishindo. Kwa radi haitoshi. Wingu likinguruma tunachomoa kila waya ukutani.

16 Machi 2024: Tabata haifai

Watu wanaohifadhi picha wana kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Diski ya pili tulikuwa tumeipeleka kwa shangazi Tabata, tukaridhika.

Masika yanaanza na nimekaa na ramani. Nyumba ya shangazi iko bondeni, na bonde lenyewe ni la Msimbazi. Maji yatakayotufikia sisi yatakuwa yamepita kwake kwanza. Kwa kanuni ya Krogh nakala iko nje ya nyumba, lakini kwa mto ni nyumba moja.

Hilo limenifanya nikumbuke Katesh, mkoani Manyara. Tarehe 3 Desemba mwaka jana, Mlima Hanang uliteremsha tope, mawe na magogo juu ya mji na vijiji vyake, watu wengi wakafa, nyumba zikafukiwa nzima nzima. Rafu yetu ya chuma isingesaidia chochote pale, wala pipa. Kwa maafa ya namna hiyo kinga pekee ya kaseti ni kwamba nakala yake iko mahali ambapo tope hilo haliwezi kufika.

Tulichora orodha ya ndugu na hatari ya kila mahali. Kilosa ina historia ya mafuriko. Bukoba ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 5.9 mwezi Septemba 2016. Hakuna mahali pasipo na lake. Kinachotakiwa ni sehemu mbili zisizopatwa na jambo moja kwa wakati mmoja. Tumechagua Iringa mjini kwa kaka yangu, juu mlimani, mbali na bahari na mbali na Msimbazi. Diski imesafiri naye kwenye basi, miguuni mwake, imefungwa kwenye taulo ndani ya mfuko usiopitisha maji. Haikuwekwa buti. Imefungwa kwa neno la siri ambalo watu watatu wa familia wanalijua, na kwenye bahasha kuna karatasi inayoeleza kilichomo na jinsi ya kukifungua, kwa maneno ambayo mtu asiyejua kompyuta sana ataweza kuyafuata.

6 Mei 2024: Hidaya

Kimbunga ni kitu ambacho pwani yetu inakipata mara chache sana, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta. Kimepita Unguja 1872 na Lindi 1952, na mpaka wiki iliyopita hayo yalikuwa mambo ya kusimuliwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilianza kutoa taarifa za Hidaya siku kadhaa mapema, na tarehe 4 kikafika karibu na Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Kusini wameumia: barabara ya Lindi imekatika Somanga. Kwetu ilikuwa upepo na mvua ya usiku kucha. Maji yalipanda hadi kwenye baraza, hayakuingia.

Kilichofanya kazi: utepe mwekundu. Mdogo wangu aliyekuwa peke yake na mama alijua la kubeba bila kunipigia simu, na kwa bahati, maana mtandao ulikuwa unakatika. Mfuko wa fungu jekundu uliondoka na mama kwenda kwa jirani wa juu kabla giza halijaingia.

Kilichoshindwa: deki ya kaseti, deki ya VHS na UPS vilikuwa sakafuni. Kama maji yangeingia, kumbukumbu zingepona na mashine za kuzisomea zingekufa, na mashine hizo kila mwaka zinazidi kuwa adimu. Tumezihamishia kwenye rafu ya pili, ndani ya mifuko mizito ya plastiki wakati hazitumiki.

15 Mei 2024: Intaneti nayo ina njia yake ya maji

Nakala ya tatu tuliipanga iwe ya intaneti. Tumelipia hifadhi ya GB 100, kama 6,000 kwa mwezi, kwa fungu jekundu tu. Bando zimekula 60,000 mpaka sasa, kwa sababu kila umeme unapokatika upakiaji wa faili kubwa unaanza upya. Tumekata mafaili ya video vipande vya dakika kumi kumi, tatizo likapungua.

Tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Hakuna kilichopotea. Lakini kama maafa yangetukuta wiki hiyo, nakala ya mbali tungeikosa kwa muda wote huo, na aliyetegemea hiyo peke yake angekaa na wasiwasi. Diski ya Iringa inabaki kuwa tegemeo, intaneti ni nyongeza yake.

22 Juni 2024: Kuvu

Nimefungua mapipa baada ya masika na mikanda sita ya VHS ina utando mweupe kwenye kingo za ukanda, unaonekana ukiuchungulia kwenye kidirisha dhidi ya mwanga. Pipa halikuvuja. Tulilifunga mwezi wa Machi, hewa ya Dar ikiwa imejaa maji, na hewa hiyo tukaifungia ndani pamoja na maganda ya karatasi yaliyolowana kwa unyevu. Usiku pipa likipoa, unyevu unatulia juu ya mikanda. Pipa lisilopitisha maji halipitishi pia yaliyomo ndani.

Mkanda wenye kuvu usiuingize kwenye deki. Mbegu zake zinabaki kwenye vichwa na kuhamia mkanda unaofuata. Sita hiyo iko kwenye mifuko yake, imetengwa.

Marekebisho: maganda yote ya karatasi yametolewa na kuwekwa mbali. Tumenunua kilo 2 za silika ya chengachenga kwa 40,000 na vipimo viwili vya unyevu vya 15,000 kila kimoja. Chagua silika ya rangi ya chungwa, inayogeuka kijani ikishiba. Ile ya bluu ina kobalti na si salama kwa mikono ya watoto. Ikishiba inakaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi kwa saa mbili au tatu, kisha inatumika tena. Tumeifunga kwenye soksi safi za pamba, gramu 500 chini na 500 juu kwa kila pipa.

Mara ya kwanza kipimo kiligoma kwenye asilimia 68. Mikanda yenyewe ilikuwa imenyonya maji na ilikuwa ikiyatoa taratibu. Tukabadilisha silika kila wiki, na kipupwe kikatusaidia. Sasa pipa linasoma 42, na kinachotakiwa ni kati ya 30 na 50. Mapipa yatakuwa yanafunguliwa kipupwe tu, asubuhi ya siku kavu.

Santuri: za plastiki tumeziosha kwa maji na sabuni kidogo. Zile nzito za zamani za kuvunjika, za aina iliyokuwapo enzi Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zisiguswe kwa spiriti kamwe. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu unaoyeyuka kwenye spiriti. Kitambaa laini chenye maji kidogo kinatosha, kisha zisimamishwe wima.

10 Agosti 2024: Jaribio la maji machafu

Tulitaka kujua la kufanya kama kinga zote zitashindwa. Tulichukua kaseti za dukani ambazo tunazo mbili mbili, mikanda ya VHS iliyorekodiwa matangazo ya televisheni, na picha zilizotoka na ukungu studio. Vyote vikaingia kwenye ndoo ya maji na udongo wa mtoni, vikalala humo usiku mmoja.

Kaseti iliyoanikwa juani bila kufunguliwa ilikauka na udongo ndani. Ganda lilijipinda, na chembe za mchanga zikachora mstari kwenye ukanda wote. Haifai. Iliyofunguliwa, ukanda ukasuuzwa kwenye maji safi ya bomba na mwisho maji ya betri, yale yaliyochujwa madini, kisha ikaanikwa kivulini mbele ya feni ya taratibu kwa siku mbili na kuhamishiwa ganda jipya, ilicheza. Sauti ilitetemeka sekunde chache mwanzoni. VHS ilikwenda hivyo hivyo, ila inataka siku zaidi kukauka, na ukiona matone kwenye kidirisha ujue bado haijakauka.

Picha ndizo zilizotufundisha zaidi. Bunda moja tulilitoa likakauka likiwa limebanana. Likawa kipande kimoja. Ukivuta, uso wa mtu unabaki mgongoni mwa picha nyingine. Bunda la pili tulilihamisha, bado limelowa, kwenye beseni la maji safi ya baridi. Baada ya nusu saa picha zilianza kuteleza zenyewe. Tukazitenganisha chini ya maji, tukizishika kwenye kona, bila kugusa uso, kisha tukazilaza moja moja juu ya chandarua kivulini, uso juu. Karibu zote zilipona. Picha za printa ya nyumbani ziliyeyuka rangi ndani ya dakika, hazina matibabu. Mafaili yake ndiyo ya kuhifadhi.

Kwa hiyo picha zikilowa zisiachwe zikauke zikiwa zimebanana. Una kama siku mbili kabla ya kuvu kuanza katika joto letu. Zikiwa nyingi kuliko mikono, zifungwe kwenye mifuko ya plastiki zikiwa hivyo hivyo na kuwekwa kwenye friza, zitasubiri. Kaseti na mikanda isiingie friza kabisa.

Maji ya mafuriko ya mjini yana vyoo ndani yake. Vaa glavu na uzuie watoto.

28 Septemba 2024: Hesabu na kinachobaki

Rafu 97,000. Mapipa 70,000. Silika na vipimo 70,000. Deki ya kaseti, spiriti, pamba na kaseti za vipuri 178,000. Kadi ya sauti 60,000, kinasa video cha USB 45,000, deki ya VHS ya mtumba 110,000. Diski 460,000. UPS 240,000. Flashi ya uongo 45,000. Bando 60,000. Jumla 1,435,000, na 6,000 kila mwezi. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue diski mbili na azitenganishe kwa mito miwili tofauti. Hata simu iliyowekwa karibu na spika ya redio kaseti itamrekodia sauti ya bibi yake, na nakala hafifu iliyoko Iringa inashinda nakala safi iliyoko chini ya maji.

Barua za Maskati zimekwisha zote 31, na nakala tumempelekea pia binti ya mjomba huko Maskati, kwa hiyo sasa ziko nchi mbili. Mikanda ya harusi tumefika 22. Kinasa cha USB kilikuwa kinaacha sauti nyuma ya picha kila mkanda unaporuka. Tuliazima mashine ya zamani ya kurekodi DVD, tukapitisha mawimbi ya deki humo kwanza kabla ya kuingia kwenye kinasa, picha ikatulia na sauti ikalingana. Ukubwa ni kama GB 3.6 kwa saa. Negativu bado hazijaanza. Mikanda sita yenye kuvu inasubiri deki ya pili ambayo tutakubali kuichafua kwa kazi hiyo tu. Tumeona moja Ilala kwa 90,000 na muuzaji hajashuka bei.

Diski ya Iringa inarudi Oktoba kuongezewa mafaili mapya na kukokotolewa alama zake, iondoke tena kabla ya mvua za Novemba. Ingizo lijalo litakuwa la negativu.